Jani la Tumbaku: Tangu Mbegu Hata Mizani

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za jani moja ambalo katika nchi ya Tabora limejenga nyumba nyingi za bati, na limewaacha watu wengi vile vile na deni. Jani hilo ni tumbaku. Tutalifuata tangu mbegu iwapo kitaluni hata siku ya kupanda mizani. Hatukuja kumwambia mtu alime au asilime; neno hilo ni la kila mwenye shamba. Tumekuja kwa jambo moja tu: atakayelima, na ajue kwanza hesabu yake yote. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari; nasi hatujaona zao linalothibitisha maneno hayo kama tumbaku.

Kwanza tuitazame njia lililopitia jani hili. Asili ya tumbaku ni Amerika. Watu wa Ulaya waliivusha bahari baada ya mwaka 1492, ikaenea duniani, ikafika pwani yetu, kisha ikaingia bara pamoja na watu na biashara. Zamani hizo, kabla ya reli, njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, na hapo ndipo ulipokua mji wa Tabora. Toka Tabora njia iligawanyika: moja ikaenda magharibi mpaka Ujiji, penye ziwa Tanganyika; nyingine ikaenda kaskazini, Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika hapo mwaka 1857, na mwaka 1872 Stanley na Livingstone walikaa Kwihara, si mbali na mji. Wapagazi wa Kinyamwezi walioichukua mizigo ya pembe na ya nguo katika njia hiyo walikijua sana kiko. Tumbaku yao ililimwa nyuma ya nyumba, mahali penye samadi na majivu, ikavutwa, ikanuswa, ikatafunwa. Kilikuwa kilimo cha miche michache, wala hakikuangusha msitu.

Njia hiyo hiyo ilipitisha jani jingine, yaani bangi, ambalo hata jina lake limetoka Bara Hindi. Pengine mtu atauliza kwa nini hatulizungumzi hilo, maana nalo huota upesi na kuuzwa kwa siri. Jibu ni fupi. Sheria ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya, Namba 5 ya mwaka 2015, yakataza kulima bangi, na mtu apandaye mche huo uani mwake ajipandia kifungo. Sisi tutasema habari za jani lililoruhusiwa. Lakini tusidanganyane: ruhusa ya sheria siyo ushahidi kwamba kitu hakina madhara. Shirika la Afya Duniani lahesabu kwamba tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka ulimwenguni. Mkulima na alijue neno hili pia, na kuliandika katika daftari yake.

Tumbaku ya leo siyo ile ya nyuma ya nyumba. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Kongwa, Nachingwea na Urambo. Mashine zilikuwa nyingi na fedha zilikuwa nyingi, lakini hesabu ya udongo na ya mvua ilikuwa pungufu. Mwaka 1951 mpango ule uliachwa. Katika mashamba ya Urambo, yaliyokwisha kung'olewa miti, ndipo ilipoanza kulimwa tumbaku ya mvuke, yaani tumbaku ikaushwayo kwa joto la mabomba pasipo kuguswa na moshi. Baadaye ikaenea Kaliua, Sikonge, Uyui na kwingineko. Basi angalieni, wasikilizaji: zao hili lilianza Urambo juu ya kaburi la zao lililolimwa bila hesabu. Hilo lingetosha kuwa fundisho.

Sasa twende kitaluni. Mbegu ya tumbaku ni ndogo ajabu. Gramu moja ina mbegu zipatazo 10,000 na zaidi. Mbegu za hektari nzima zaweza kukaa katika kiganja cha mtoto. Kwa sababu ya udogo huo haimwagwi kwa mkono, maana itaanguka mahali pamoja kama chumvi. Huchanganywa na maji katika kopo la kumwagilia, likatikiswa kila mara, nayo ikashuka pamoja na maji. Au huchanganywa na majivu makavu, ikatawanywa.

Kitalu hutayarishwa wakati wa kiangazi, karibu na maji, mahali ambapo tumbaku haikuoteshwa mwaka uliopita. Wala kisiwekwe penye nyanya, bilingani, pilipili au viazi mviringo, kwa maana mimea hiyo yote ni ndugu wa tumbaku, na ugonjwa wa ndugu mmoja huwafikia wote. Miongoni mwa adui hao wamo minyoo wa mizizi, wasioonekana kwa macho. Mtu ang'oaye mche huona mizizi ina vinundu kama shanga. Udongo hulainishwa, tuta likanyoshwa, na baada ya kupanda hufunikwa kwa nyasi ili jua lisiichome mbegu na maji yasiichukue. Miche ikisha kuota, nyasi hupunguzwa kidogo kidogo. Mara ya kwanza humwagiliwa mara kwa mara. Kisha, siku chache kabla ya kuhamishwa, maji hupunguzwa ili mche ukomae na kuzoea shida. Mche uliolelewa kwa maji mengi hata siku ya mwisho hulala chini siku ya kwanza ya shamba. Kazi hiyo yote, toka mbegu hata mche wa kuhamishwa, huchukua yapata miezi miwili. Katika daftari yako andika: miezi miwili ya kuchota maji, asubuhi na jioni, kisha andika nani aliyeyachota.

Mvua za Tabora huanza kwa kawaida mwezi wa Novemba. Ndipo miche hupandwa juu ya matuta, katika udongo mwepesi wenye mchanga, usiotuamisha maji. Tuseme kati ya tuta na tuta ni mita 1 na sentimita 20, na kati ya mche na mche ni nusu mita. Mwanafunzi mwenye kalamu na apige hesabu: ataona hektari moja ina miche zaidi ya 16,000. Mbolea huwekwa kwa kipimo alichokitaja bwana shamba, wala haifai kuongeza kwa tamaa. Mbolea ya kukuzia ikizidi, jani hukataa kuiva. Hubaki la kijani shambani, na likikaushwa hutoka na rangi mbaya, isiyopendwa na mnunuzi.

Mmea ukitoa ua, ua hukatwa. Mtu mgeni huona ni uharibifu, lakini sababu yake ni wazi: mmea wenye ua hupeleka nguvu zake kwenye mbegu, na sisi twataka nguvu hizo ziende kwenye jani. Ua likisha kukatwa, mmea hujaribu tena kwa kutoa machipukizi ubavuni, nayo huondolewa kila juma. Mtu akichoka kuyaondoa, majani yatakuwa membamba na mepesi, na mizani haina huruma. Tuseme kila mche umeachiwa majani 18. Miche 16,000 mara 18 ni majani 288,000. Kila moja katika hayo litachumwa kwa mkono, litafungwa kwa mkono, litachambuliwa kwa mkono. Hapo ndipo utakapofahamu kwa nini watu wa nyumba moja hawawezi hektari nyingi, na kwa nini wapumbavu huwatia watoto shambani.

Tusimame kidogo katika neno hili la kuchuma. Jani la tumbaku haliivi pamoja na wenzake. Huanza la chini, kisha la juu yake, na kila juma huchumwa mawili au matatu katika kila mche. Jani lililoiva hugeuka rangi kidogo kuwa manjano nchani, uti wake huwa mweupe, na likivunjwa hutoa mlio mdogo. Lakini katika jani hilo mna sumu iitwayo nikotini. Jani likiwa na umande au mvua, nikotini huingia mwilini mwa mchumaji kwa njia ya ngozi. Ndipo mtu husikia kizunguzungu, kichwa kikauma, akatapika, akalegea. Wengi husema ni malaria, au ni jicho la mtu. Siyo malaria, wala siyo jicho, ni jani. Dawa ya kwanza ni kutoka shambani, kuvua nguo zilizolowa, kuoga kwa maji mengi na sabuni, na kupumzika. Akizidiwa, apelekwe zahanati. Kinga yake ni kungoja umande ukauke, na kuvaa nguo ndefu na mipira ya mikononi. Mtoto mwili wake ni mdogo, na sumu ile ile kwake ni kubwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza mtoto kufanya kazi ya hatari. Baba amtoaye mtoto shuleni mwezi wa Februari ili achume tumbaku hakupata kibarua wa bure. Amekopa katika maisha ya mtoto, na deni hilo halikatwi sokoni.

Majani yakisha kuchumwa, hufungwa juu ya vijiti na kutungikwa ndani ya bani. Bani ni nyumba ndefu kwenda juu, ya udongo au ya matofali, isiyo na dirisha. Nje mna tanuri. Ndani mna mabomba yaendayo sakafuni, yakichukua joto, na moshi hutokea nje kwa dohani. Kazi ya bani ina sehemu tatu. Kwanza jani huwekwa katika joto la nyuzi 35 hata 38, lenye unyevu, mpaka ligeuke manjano. Pili joto hupandishwa pole pole, na hewa ikaachwa ipite, mpaka jani likauke. Tatu joto hufikishwa karibu na nyuzi 70, mpaka uti nao ukauke kabisa. Hayo yote huchukua siku 5 hata 7, usiku na mchana, pasipo kuacha tanuri. Mwenye haraka akipandisha joto kabla ya wakati, jani hukauka likiwa bado la kijani. Mwenye usingizi akiliacha joto lishuke, jani huwa jeusi.

Hapa tutawasimulia jambo lililotupata nyumbani kwetu. Ilikuwa usiku wa tano, joto limekwisha kuwa kali, na sisi vijana tulikuwa katika zamu. Jani moja lililofungwa vibaya lilichomoka kijitini, likaanguka juu ya bomba. Hatukuliona. Tulisikia mlio kama wa mvua ndani ya bani, na tulipofungua mlango hewa iliingia, moto ukasimama mpaka paani. Kabla ndoo ya pili haijafika kutoka kisimani, paa la nyasi lilikuwa limekwisha. Asubuhi majirani walikuja, wakasimama, wakatupa pole. Mama yetu hakulia. Aliuliza swali moja tu: "Na mbolea tuliyokopa, nayo imeungua?" Hakuna aliyemjibu. Mbolea haikuungua, ilikuwa imeandikwa katika kitabu cha chama, nayo ililipwa misimu miwili.

Tangu siku ile baba yetu aliweka nyavu za waya juu ya mabomba, zizuie jani liangukalo, na pipa la maji mlangoni. Pia alinunua daftari la shule, akatutaka sisi tuliosoma tuandike kila jioni. Katika kuandika huko ndipo tulipogundua kitu ambacho hatukuwa tumekihesabu kamwe, nacho ni kuni.

Wasikilizaji, nchi ya Tabora ni nchi ya miyombo. Katika miyombo hutoka mininga ya mbao, uyoga wakati wa mvua, dawa za wazee, na juu ya yote asali. Asali ya Tabora ilijulikana kabla ya tumbaku kubwa, na hata leo mizinga hutundikwa mitini. Mti ukiishia tanurini, nyuki hupoteza ua lake na mwenye mzinga hupoteza tawi lake. Siku zile za kwanza tulikuwa tukikata kuni nyuma ya bani. Baada ya miaka kumi gari la ng'ombe lilikwenda tangu asubuhi hata alasiri. Kuni hizo tuliziita za bure kwa sababu hazikuandikwa. Tulipoandika siku za wakataji, siku za ng'ombe, na mti usiorudi, tuliona kwamba kuni ndiyo gharama iliyotupita machoni miaka yote.

Basi twasema hivi: mwenye nia ya kulima tumbaku, kitalu chake cha kwanza kiwe cha miti. Mikaratusi na miti mingine ikuayo upesi huchukua miaka kama 5 au 6 kufaa kwa kuni. Kwa hiyo mti wa bani ya mwaka ule hupandwa leo, wala haupandwi karibu na kisima, maana mkaratusi hunywa maji mengi. Tena bani na ijengwe vizuri, tanuri lake lisivujishe joto, kuta zizibwe nyufa, kuni zikaushwe kabla ya kuwashwa. Ziko bani za namna mpya, ambazo tanuri lake hubakiza joto zaidi na kula kuni chache kuliko za zamani. Huko Tumbi, karibu na mji wa Tabora, pana taasisi ya utafiti wa tumbaku, na mabwana shamba huweza kumwonyesha mtu namna ya kuzijenga.

Jani likitoka bani huachwa livute unyevu kidogo, lisivunjike, kisha huchambuliwa. La chini huwekwa mbali na la kati, la kati mbali na la juu. La manjano mbali na lenye madoa. Refu mbali na fupi. Kila fungu lina daraja lake na bei yake. Mtu afichaye majani mabaya katikati ya robota hujiibia mwenyewe, kwa sababu robota hufunguliwa, na likionekana limechanganywa hurudishwa au hushushwa daraja. Pia na atoe nyuzi za nailoni, manyoya ya kuku na mawe.

Siku ya soko, mkulima husimama mbele ya mizani. Mara nyingi mbegu, mbolea na dawa alizipata kwa mkopo kwa njia ya chama chake cha msingi, na mkopo huo hukatwa katika mauzo kabla hajashika shilingi moja. Basi asitie kidole chake kwenye karatasi asiyoisoma. Asome mwenyewe, au aje na mwanawe aliye shuleni, na karatasi ya chama ilinganishwe na daftari ya nyumbani: mifuko mingapi ya mbolea, kilo ngapi, daraja gani, bei gani, makato gani. Tofauti ikionekana, iulizwe siku ile ile kwa adabu, mbele ya watu, wala isingojwe mpaka masika.

Daftari yenyewe yahitaji kurasa mbili tu. Ukurasa wa kwanza ni wa fedha: mbegu, mbolea, dawa, kamba, vibarua, usafiri, riba. Ukurasa wa pili ni wa vitu visivyo na risiti: siku za mke na mume, maji yaliyochotwa, miti iliyokatwa, siku za mtoto kutokwenda shule, na mahindi ambayo hayakulimwa kwa sababu tumbaku ilichukua mvua na mikono. Ukurasa huo wa pili ndio wenye kusema kweli. Wako watu ambao fedha ya mwezi wa Juni waliirudisha dukani mwezi wa Januari kwa kununua unga, tena kwa bei ya njaa. Kwa hiyo chakula kipandwe kwanza. Na shamba la tumbaku libadilishwe mwaka hata mwaka, lipewe mahindi au karanga, udongo upumzike na minyoo wafe. Mabua ya tumbaku yang'olewe yote mara mavuno yaishapo, yasiwe nyumba ya wadudu wa mwaka ujao.

Ikiwa kurasa mbili zikijumlishwa yaonekana faida, lima, na Mungu akusaidie. Ikiwa yaonekana hasara, usione haya kupunguza shamba, au kutazama alizeti, karanga, mpunga au mizinga ya nyuki. Mtu aachaye zao kwa hesabu hakushindwa. Aliyeshindwa ni yule aliyeendelea kwa kuwa jirani anaendelea.

Na ninyi wanafunzi, tuna ombi kwenu. Jioni hii chukueni karatasi, muwaulize wazazi wenu: mwaka jana tulichoma miti mingapi? Huenda wasijue. Msiwacheke, nasi hatukujua mpaka bani ilipoungua. Anzeni kuandika kwa mwaka huu.

Kwaherini, na mlale salama.